Bega Baada ya Upasuaji: Kliniki, Fizio wa Nyumbani, au Mwenyewe Chumbani?

Karatasi niliyotoka nayo hospitalini ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza dawa, wa pili tarehe ya kutoa nyuzi, wa nne tarehe ya kurudi. Wa tatu ulikuwa na maneno mawili: "Fanya mazoezi." Yapi, lini, mara ngapi, hakuna. Nikafika nyumbani Chanika na kano mbili zilizoshonwa bega la kulia, mkono umefungwa kwenye slingi kama kuku wa kupelekwa sokoni, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshapewa mazoezi ya watu watano. Shemeji yangu, aliyewekewa chuma begani baada ya kuanguka na bodaboda, alisema wiki haikuisha tayari alikuwa anauzungusha mkono. Jirani akasema mama yake, wa bega bandia, alikatazwa kushika chochote wiki sita. Wote walikuwa wakweli. Ila hakuna aliyeshonwa nilichoshonwa mimi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, si daktari. Huu ni ulinganisho ambao ningeutaka wiki ile, niliouokota kwa miezi tisa ya kusoma, kuuliza, na kumchosha fizio wangu (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) kwa maswali.

Kabla ya kuchagua lolote: kilishonwa nini?

Ukiinua mkono mpaka juu kabisa unapita nyuzi 180 (nyuzi za kupimia pembe, si za kushonea). Karibu 120 kati ya hizo zinatoka kwenye kiungo chenyewe, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa kwenye kikombe chake, na 60 zinatoka kwenye kombe la bega linaloteleza mgongoni. Kile kikombe kina kina kifupi mno, kwa hiyo kinachokizuia kichwa kisichomoke ni kano nne zinazokikumbatia, pamoja na mfuko wa nyama ngumu unaokizunguka. Daktari anaweza kuwa amegusa chochote kati ya hivyo, na kila kimoja kina ratiba yake. Jedwali hili ni la makadirio ya kawaida. Ya aliyekufungua wewe ndiyo yanayokuhusu.

| Kilichofanyika | Slingi | Cha kulinda | Kuanza kubeba mzigo |
|---|---|---|---|
| Kusafisha nafasi ya bega, hakuna kano iliyoshonwa | siku chache hadi wiki 2, kwa ajili ya maumivu tu | hakuna mshono. Sogeza mapema | wiki 4–6 |
| Kushona kano | wiki 4–6 | mkono usiinuke kwa nguvu zake wenyewe | wiki 12 |
| Kukaza bega linaloteguka mara kwa mara | wiki 3–6 | usiupeleke mkono nje na nyuma, kama wa kurusha jiwe | wiki 8–12. Mechi za kugongana, miezi 6 hivi |
| Chuma kwenye mfupa uliovunjika | wiki 2–6, huvuliwa mapema kwa mazoezi | hakuna uzito mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeunga | wiki 10–12 |
| Bega bandia la kawaida | wiki 4–6 | kano ya mbele: usigeuze mkono nje sana, usijiinue kitini kwa mkono huo | wiki 12 |
| Bega bandia la kugeuzwa | wiki 3–6 | usipeleke mkono nyuma ya mgongo | wiki 12 |

Hilo la kugeuzwa huwachanganya wengi. Ni ubunifu wa daktari Mfaransa, Paul Grammont wa Dijon, aliyeanza kulitumia mwaka 1985: mpira unawekwa kwenye kombe la bega na kikombe juu ya mfupa wa mkono, kinyume cha Mungu alivyopanga, ili msuli mkubwa wa nje ya bega uinue mkono hata kama kano zimekwisha. Linafanya kazi vizuri, lakini ukipeleka mkono nyuma kufunga sidiria, kujisafisha chooni, au kujisukuma utoke kitandani, linaweza kuchomoka. Mama wa jirani yangu alikuwa anaswali kwenye kiti kwa sababu hiyo hiyo: kwenye sijda, na hasa wakati wa kuinuka, mkono hubeba mwili.

Nilipomwonyesha shemeji jedwali hili, ubishi wetu uliisha. Yeye mfupa wake umeshikwa na chuma na skrubu, adui yake ni bega kuganda. Mimi nimeshikwa na uzi kwenye nyama.

Kuanza mapema au kutulia kwanza

Hapa hata madaktari hawakubaliani, kwa hiyo usishangae ukiambiwa mambo mawili katika hospitali mbili.

Kano iliyoshonwa inashikizwa kwa uzi na nanga ndogo zilizopigiliwa mfupani. Uzi ni wa kushikiza tu. Kano yenyewe lazima iote upya mfupani, na wiki sita za mwanzo mshono ndio unaofanya karibu kazi yote. Kufika wiki ya 12 kano imeanza kuwa na nguvu yake, na inaendelea kukomaa miezi mingi baadaye, wakati maumivu yalishakwisha na wewe unajiona mzima. Huo ndio wakati wa kujidanganya. Sigara huchelewesha kuota huko. Kisukari pia, tena kina kosa la pili: hupenda kuligandisha bega.

Watafiti wamelipima swali hili mara nyingi, kundi moja likianza kusogezwa mkono siku za mwanzo, jingine likitulia kwenye slingi mpaka karibu wiki ya sita. Walioanza mapema huwa na mkono mwepesi zaidi miezi ya mwanzo. Mwaka ukitimia makundi hayo mawili yanakaribiana sana. Kwa mchaniko mdogo wa kano, kuanza mapema hakukuonekana kuleta hasara ya maana. Kwa mchaniko mkubwa kuna dalili kwamba kunaongeza hatari ya kano kuachia tena.

Hesabu niliyoipiga ni hii. Ukitulia mno utapata bega gumu, na bega gumu lina dawa: muda, mazoezi, sindano, na kwa wachache kurudi kwa daktari alilegeze. Ukikimbia mno kano inaachia, na kano iliyoachia hairudishwi mfupani na zoezi lolote. Wangu ulikuwa mchaniko mkubwa, nikachagua ugumu. Ningekuwa na chuma cha mfupa ningechagua mapema, na ningekuwa nimesafishwa tu bila kushonwa, slingi ningeitundika msumarini siku ya nne.

Kuna swali moja la kumuuliza daktari ambalo Kiswahili kimetuwekea tayari. Akisema "anza kusogeza mkono", muulize: *kusogezwa*, *kusogea kwa kusaidiwa*, au *kusogea wenyewe*? Kusogezwa ni mkono kulegea kama nguo mbichi, ukabebwa na fizio au na mkono wako mzima. Kusaidiwa ni kazi kugawana. Kusogea wenyewe ni misuli ya bega kuinua mkono bila msaada. Kwa kano iliyoshonwa, wiki sita za mwanzo ni za kusogezwa (au za kutulia tu), kisha kusaidiwa, kisha wenyewe, na mzigo huja mwisho. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye benchi la kliniki ulikuwa wa watu wawili wanaotumia neno moja kwa vitu vitatu.

Zoezi la kwanza karibu kwa kila mtu ni la kuning'iniza. Unainama, mkono mzima umeshika meza, mkono mgonjwa unaning'inia, na mwili ndio unaoyumba. Kitabu cha Codman, daktari wa Boston, kililieleza mwaka 1934, na bado halijapitwa. Wengi tunalikosea kwa namna moja: tunachora duara kwa mkono. Ukichora, misuli inafanya kazi, na kile ulichoambiwa ukilinde unakivuta. Mkono ufuate kiuno kama ndoo inavyofuata kamba ya kisima.

Na kosa langu mimi. Wiki ya nne, jikoni, chupa ya chai iliteleza rafuni nikaidaka kwa mkono wa kulia kabla akili haijafika. Usiku tatu sikulala. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha mshono umeshika, nikashukuru. Fizio wangu, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, aliniamkia shikamoo yake vizuri, kisha akanigombeza kwa adabu: "Mama, mkono ulio kwenye slingi hauokoi chupa. Iache ivunjike."

Kliniki, fizio anayekuja nyumbani, au peke yako

Hili ndilo swali la pesa, na watu hulijibu vibaya kwa sababu wanadhani ni lazima uchague moja mpaka mwisho.

Kliniki ina macho na vipimo. Wana kifaa kama kipimapembe changu cha darasani, wanakuambia leo umefika nyuzi 95, juzi ulikuwa 80, na namba hiyo inakutoa kwenye kukisia. Fizio anaona bega linavyopanda sikioni unapojidai umeinua mkono, kumbe umeinua kombe la bega tu. Na kuna wenzako. Mzee mmoja dereva wa lori alinifundisha zaidi kuhusu kulala kuliko karatasi yoyote: nusu kukaa, mito miwili mgongoni, wa tatu chini ya kiwiko ili mkono usianguke nyuma.

Upande wa pili wa kliniki ni safari. Mara mbili kwa wiki, wiki 12, ni safari 24. Mimi napanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, yaani daladala 96, kila moja na konda anayesukuma abiria kwa kiganja begani. Ukifika, unasubiri saa mbili kwa dakika 20 za mikono ya mtu, na wiki nyingine unakuta mtu mwingine anayeanza kukuuliza upya ulifanyiwa nini. Wiki mbili za mwanzo, na mkono umefungwa, nusu ya safari hizo zilinirudisha nyumbani na maumivu kuliko nilivyoondoka.

Anayekuja nyumbani ni ghali zaidi kwa kila ziara, lakini anaona kitu ambacho kliniki haikioni: nyumba yako. Wa kwangu alihamisha sufuria kutoka rafu ya juu hadi ya kiunoni. Alibadilisha upande ninaolala. Alimfundisha binti yangu kunivisha: mkono mgonjwa huingia kwanza kwenye gauni na hutoka mwisho. Ziara ile moja ilikuwa na faida kuliko nne za kliniki. Hasara yake ni kwamba hana vifaa, na yeyote anaweza kujiita fizio. Muulize amesoma wapi, amesajiliwa wapi, na kama yuko tayari kuongea na daktari aliyekupasua. Anayekataa hilo la mwisho usimfungulie mlango. Wala anayekuja na mafuta na kuanza kukuvuta mkono kabla hajauliza kilichoshonwa.

Peke yako ni bure, na kwa mazoezi ya kulegeza bega ndiyo njia bora, kwa sababu bega linataka kidogo mara nyingi. Dakika tano mara nne kwa siku zinaishinda saa nzima mara mbili kwa wiki, na hakuna kliniki itakayokupa mara nne kwa siku. Tatizo la peke yako ni mawili yanayopingana: mwoga hafanyi, na jasiri anazidisha. Sijui mtu wa katikati.

Kuna ushahidi kidogo wa kumtia moyo wa peke yake. Mwaka 2021 jarida la *Lancet* lilichapisha jaribio la Uingereza liitwalo GRASP, lenye watu 708 wenye matatizo ya kano za bega. Waliomwona fizio mara moja tu wakaelekezwa vizuri, na waliofuatiliwa hadi mara sita, hawakutofautiana kwa maana yoyote baada ya mwaka mmoja. Lakini watu hao hawakuwa wametoka kupasuliwa, kwa hiyo sitalivuta jaribio hilo mpaka begani kwangu. Ninachochukua ni kwamba maelekezo mazuri ya siku moja, ukiyafuata, si kitu kidogo.

Nilichofanya, na ambacho ningefanya tena, ni kulipia vizingiti. Bega lililoshonwa lina vizingiti vinne: wiki mbili za mwanzo, unapojifunza slingi, usingizi na kusogeza kiwiko na vidole ili visigande; wiki ya sita, slingi inapovuliwa; wiki ya 12, mzigo unapoingia; na mwezi wa tano au wa sita, unaporudi kwenye kazi nzito. Kila kizingiti nilikwenda kliniki mara moja au mbili. Kati ya kizingiti na kizingiti nilikuwa chumbani kwangu, na kila Jumapili namtumia fizio video ya nusu dakika kwa WhatsApp, simu imesimamishwa usawa wa kifua, nimevaa fulana ya mikono mifupi ili kombe la bega lionekane. Safari saba badala ya 24. Kama una bima, uliza *kabla ya upasuaji* inalipia mara ngapi za fizio, kisha zigawe kwenye vizingiti usizimalize mwezi wa kwanza.

Wapo ambao nisingewaachia chumba peke yao. Mwenye bega bandia la kugeuzwa, mpaka amezoea mikatazo yake. Mwenye kisukari ambaye bega limeanza kukaza. Mzee anayesahau. Mwenye ganzi mkononi. Na yeyote ambaye mwezi wa tatu umefika na mkono, hata ukiinuliwa na mwingine, umegota usawa wa bega. Huyo arudi kwa daktari, asiongeze mazoezi.

Meza, fimbo, kapi, ukuta

Dukani watakuuzia kapi, lile gurudumu dogo la kamba linalotundikwa mlangoni. Nililinunua siku ya kwanza kwa sababu lilionekana la kitaalamu. Likakaa kwenye mfuko wake wiki saba.

Kapi linadanganya. Unadhani mkono mzima unavuta na mgonjwa unapanda tu, kumbe mgonjwa unasaidia bila wewe kujua, tena juu kabisa, mahali ambapo mshono unavutwa. Kwa chuma cha mfupa au bega lililosafishwa tu ni kifaa kizuri mapema. Kwa kano, lisubiri slingi ivuliwe.

Meza ndiyo niliyoipenda. Unakaa, unatandika kanga mezani, unaweka kiganja juu yake, kisha unainamisha kiwiliwili mbele. Kanga inateleza, mkono unafuata, meza imebeba uzito wote. Hakuna zoezi la kusogezwa lililo rahisi kulifanya sawasawa kuliko hilo, na hata mwoga hulifanya.

Fimbo, yaani mti wa ufagio, inakuja baada ya hapo. Unalala chali, umeshika kwa mikono miwili, mzima unausukuma mgonjwa kuelekea juu ya kichwa, au, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, kuelekea nje. Huko nje ndiko bega hugandia kwanza, na watu hawakufanyii mazoezi kwa sababu wanatazama juu tu. Lakini soma jedwali tena: aliyekazwa bega linaloteguka, na mwenye bega bandia la kawaida, huko nje ndiko walikowekewa mpaka.

Ukuta, vidole vikipanda kama buibui, ni wa kusogea kwa kusaidiwa kwenda wenyewe, kwa hiyo baada ya wiki ya sita kwa walioshonwa kano. Mimi nilichora alama ya chaki kila Ijumaa na tarehe pembeni. Kuna wiki tatu mfululizo alama hazikupanda hata kidole, kisha moja ikaruka kiganja kizima. Simama karibu na kioo: bega likipanda sikioni, shuka chini, hapo hujafika.

Nguvu: tyubu, mpira wa dukani, au chupa ya maji

Nguvu haianzi na uzito. Inaanza na kombe la bega, kulivuta taratibu nyuma na chini kama mtu anayesimama mstarini shuleni, kisha kusukuma kiganja kwenye fremu ya mlango bila mkono kusogea. Baada ya wiki ya 12, kwa kano, ndipo kitu cha kuvuta kinaingia, kiwiko kimebana ubavuni na taulo iliyokunjwa chini ya kwapa. Seti mbili tatu za mara 10 hadi 15, siku tatu kwa wiki, siku ya katikati ni ya kupumzika. Kulegeza ni kila siku, kuongeza nguvu si kila siku.

Tyubu ya baiskeli haina gharama na haikatiki upesi, lakini ni nzito mno kwa anayeanza, na ubaya wake ni kwamba inakaza zaidi kadiri inavyonyooka, yaani inakuvuta kwa nguvu pale mwisho ambapo wewe ni dhaifu. Ukiipasua kwa urefu upate ukanda mwembamba inatumika. Mpira wa dukani unakuja kwa ngazi, na kampuni nyingi huanza na njano iliyo laini, kisha nyekundu, kijani, buluu na nyeusi, ila rangi si sheria, ujaribu kwa mkono mzima kwanza. Chupa ya maji ina uaminifu wake: nusu lita ni nusu kilo, lita moja ni kilo moja, leo na kesho. Lala kwa ubavu mzima, kiwiko cha juu kimebana, inua chupa taratibu, shusha taratibu zaidi. Nilianza na chupa tupu. Nikaona aibu, kisha kesho yake bega likaniambia hata tupu ilitosha.

Kipimo cha maumivu nilichopewa: wakati wa zoezi yasizidi tatu au nne kwenye kumi, na yawe yametulia ifikapo asubuhi. Usiku ukiwa mbaya kuliko wa jana, punguza nusu.

Kliniki hawakunipa ngazi ya kazi za nyumbani, nikaitengeneza na fizio wangu. Kuanika nguo nyepesi kwenye kamba ya usawa wa uso kulitangulia, mwezi wa nne. Kukuna nazi kukafuata, maana mkono uko chini na karibu na mwili. Ugali wa watu wawili mwezi wa tano, wa watu wanane mwezi wa saba. Kusonga sima kunasukuma na kuzungusha kwa pamoja, usikudharau. Kutwanga kulingoja zaidi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kujitwisha kunaipitisha juu ya kichwa kwa mikono miwili. Hiyo bado namwachia binti yangu, na sina haraka ya kuirudisha.

Vitu vidogo ambavyo watu hubishania

Barafu au joto: barafu iliyofungwa kitambaani baada ya mazoezi, hasa wiki za mwanzo, maji ya uvuguvugu kabla ya kulegeza, kidonda kikishapona. Mashine za umeme wa misuli hutuliza maumivu kwa muda, hazirudishi mkono. Usizilipie kabla hujalipia vizingiti. Kukandwa kovu kwa kidole na mafuta ya nazi, likishakauka kabisa, hakuna ubaya. Kuvutwa mkono na mtu mwenye nguvu "ili ufunguke" ni kitu kingine, na katika wiki 12 za kwanza hata nduguyo mpendwa mkatalie. Usaha, homa, wekundu unaosambaa, mkono kuvimba ghafla, kifua kubana, au mlio wa "pa!" ukifuatwa na mkono kuanguka: hayo hayasubiri kizingiti.

Ningekuwa wewe

Uko mjini, kliniki iko dakika kumi, una bima na umeshonwa kano kubwa: kliniki mara moja kwa wiki mpaka wiki ya sita, kisha vizingiti. Uko mbali, nauli ni tatizo, umesafishwa tu bila mshono: siku moja nzuri na fizio, andika kila kitu, kisha chumbani, na urudi wiki ya sita kupimwa. Una chuma cha mfupa: usikae bila kuonwa wiki mbili za kwanza, hata kwa deni, kwa sababu hapo ndipo bega huganda, na eksirei ndiyo itakayoamua uzito. Ni mzazi wako mwenye bega bandia: mlete fizio nyumbani mara mbili, moja akague kitanda, kiti na choo, ya pili aone kama mikatazo imeshika. Ni kijana wa mpira wa bega linaloteguka: kliniki ya mwezi wa tano na wa sita ndiyo usiyoikosa, maana hana maumivu tena na kocha anampigia simu.

Mimi niko mwezi wa tisa. Naandika tarehe kwenye kona ya juu ya ubao bila kupanda kiti, na alama ya mwisho ya chaki ukutani kwangu iko juu ya ile ya Februari kwa mikono miwili. Nyuma ya mgongo bado nafika kiunoni tu. Fizio anasema huko ndiko hurudi mwisho kuliko kote, kwa hiyo sidiria za kufungia mbele bado ziko kabatini, rafu ya kiunoni, alipoziweka yeye.